Vigae vya Waholanzi: Usafi na Mapambo ya Nyumba

Neno "kigae" katika lugha yetu ni neno la unyonge. Maana yake ya asili ni kipande cha chungu kilichovunjika, kitu kitupwacho jaani. Na msomaji wa Biblia hukumbuka kwamba Ayubu, alipokwisha kupoteza mali na watoto na afya, alibakiwa na kigae cha kujikunia. Baadaye neno hilo likapandishwa daraja, likapanda juu ya paa, kisha likashuka kwenye sakafu na kuta, hata leo mtu akisema, "Nyumba ile ina vigae," amekwisha kusema kwamba mwenyewe anazo fedha. Lakini katika insha hii sitaki kusimulia habari za matajiri. Nataka kueleza jinsi taifa moja dogo, lililokaa katika nchi ya maji na matope, lilivyokifanya kigae kuwa chombo cha usafi katika nyumba za wakulima na mabaharia pamoja na wafanya biashara, na jinsi kigae hicho kilivyokuwa tena kitabu cha watoto. Taifa hilo ni Waholanzi, na wakati wenyewe hasa ni karne ya 17 na ya 18.

Ufundi wa vigae vya kung'aa si wa Waholanzi kwa asili. Mifano yake ya kale sana imo katika bara letu la Afrika. Huko Sakara katika nchi ya Misri, chini ya piramidi ya ngazi ya Mfalme Djoser, iliyojengwa yapata mwaka 2650 kabla ya Kristo, viko vyumba ambavyo kuta zake zimefunikwa kwa vigae vidogo vya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Vigae hivyo vimepangwa kwa mfano wa mikeka ya matete, ile iliyokuwa ikitundikwa ukutani katika nyumba za walio hai. Fikiri jambo hili: mafundi wa mfalme walipotaka kumfanyia nyumba ya kudumu milele, hawakubuni pambo jipya, waliuiga mkeka. Kisha huko Babeli Mfalme Nebukadneza, yule yule tunayemsoma katika kitabu cha Danieli, alijenga lango kubwa la matofali ya buluu yenye sura za mafahali na majoka. Wachimbuzi wa Kijerumani wakiongozwa na Robert Koldewey waliyafukua matofali hayo tangu mwaka 1899, na leo lango limesimamishwa tena katika nyumba ya makumbusho mjini Berlin.

Lakini hayo yalikuwa mambo ya makaburi na malango ya wafalme. Ili kigae kiingie jikoni kwa mke wa mkulima, ilibidi kwanza ipatikane njia rahisi ya kufanya udongo wa kawaida uwe mweupe na kung'aa. Njia hiyo iligunduliwa na wafinyanzi wa Iraki katika karne ya 9. Walikuwa wameona vyombo vyeupe vya Kichina vikiletwa kwa jahazi katika Ghuba ya Uajemi, wakavitamani, wala hawakuwa na udongo wa namna ile. Basi wakatafuta hila: walichanganya bati katika ule uji wa kioo unaopakwa juu ya chombo kabla ya kuchomwa, na bati likaufanya kuwa mweupe kama maziwa, ukafunika wekundu wa udongo usionekane tena. Vyombo vya mafundi wale vilifika hata pwani yetu. Vipande vyake vimefukuliwa Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu. Upande wa magharibi ufundi huo ulipita Afrika ya Kaskazini, ukaingia Hispania na Ureno, kisha Italia. Na mwanzo wa karne ya 16 mfinyanzi mmoja Mwitalia, Guido wa Savino, akaupeleka Antwerp, mji mkubwa wa biashara katika nchi iitwayo leo Ubelgiji.

Hapo ndipo historia ya vigae ilipokutana na historia ya dini. Nchi zile zilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, na watu wengi wa Antwerp walikuwa wamefuata mafundisho ya Matengenezo. Vita vikatokea, na mwaka 1585 mji ukaangukia mikononi mwa Wahispania. Waprotestanti waliambiwa wachague ama kurudi katika kanisa la zamani ama kuondoka. Maelfu waliondoka, wakaenda kaskazini, Uholanzi, wakichukua kile ambacho askari hawezi kumnyang'anya mtu, yaani ujuzi wa mikono. Wafinyanzi walikuwamo miongoni mwao, na wengine walikuwa wamekwisha kutangulia kabla ya mwaka ule. Wakafungua karakana zao Haarlem, Amsterdam, Rotterdam na Delft. Mji wa Delft ndio uliotoa jina kwa vigae vyote vya namna hii, ijapokuwa kwa kweli vingi vilitengenezwa Rotterdam, na Utrecht, na katika jimbo la Friesland.

Mwanzoni walipaka rangi nyingi, manjano na kijani na nyekundu ya machungwa, kwa picha za matunda na maua. Halafu Waholanzi wakateka merikebu mbili za Wareno zilizotoka Mashariki, moja mwaka 1602 na moja, jina lake Santa Catarina, mwaka 1603. Shehena ya vyombo vya Kichina iliyokuwamo iliuzwa kwa mnada, na watu wakapigwa na bumbuazi kwa kuona buluu ile juu ya weupe ule. Toka hapo kila mtu alitaka buluu. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatuna sababu ya kuwacheka, maana vyombo hivyo hivyo vya Kichina viliwapendeza wazee wa pwani kabla ya Mholanzi hajaviona. Walivipanga katika vidaka vya nyumba zao huko Lamu, na kuvitia katika chokaa ya nguzo za makaburi, kama vile Mambrui na Kunduchi, ambako mpaka leo huonekana mashimo ya mviringo mahali sahani zilipokuwa kabla ya kung'olewa na wezi.

Sasa tuingie karakana ya Mholanzi tumwone kazini. Udongo ulichanganywa na udongo mwingine wenye chokaa ndani yake, ukaoshwa na kuchujwa, kisha ukasukumwa kwa mti wa mviringo kama vile mke asukumavyo chapati. Fundi akaweka juu yake kipimo cha ubao cha mraba, akakata. Kila upande wa kigae ulikuwa sentimita 13 hivi. Ubao ule ulikuwa na misumari midogo pembeni ili usiteleze, na misumari ikaacha vitundu katika udongo. Kigae kikakaushwa, kikachomwa katika tanuru mara ya kwanza, kikapakwa ule uji mweupe wa risasi na bati na mchanga. Ulipokauka ukawa kama unga juu ya kigae. Hapo mchoraji alichukua karatasi iliyotobolewa kwa sindano kufuata mistari ya picha, akaiweka juu ya kigae, akaipiga kwa kifuko cha unga wa makaa. Unga ukapenya katika vitundu, picha ikaonekana kwa nukta nyeusi. Akafuata nukta zile kwa burashi na rangi ya kobalti. Hakuruhusiwa kukosa, kwa kuwa unga ule mkavu hunyonya rangi papo hapo wala haifutiki. Ndipo kigae kikarudi tanuruni mara ya pili. Makaa yakateketea, uji ukayeyuka ukawa kioo, na rangi ikabaki chini ya mng'aro daima.

Kwa njia hii karatasi moja ilitoa picha mamia kwa mamia, na mwanafunzi asiyejua kuchora aliweza kutenda kazi njema. Hiyo ndiyo sababu bei ilishuka. Katika kila pembe ya kigae walitia alama ndogo, ama kichwa cha ng'ombe ama mfano wa buibui, hata vigae vinne vikikutana pembe zao zikafanya ua moja. Katikati kulikuwa na mchungaji na kondoo wake, merikebu, mvuvi, askari, au watoto wakicheza: mmoja anazungusha pia, mwingine anatembea juu ya miti mirefu, mwingine anarusha tiara. Mimi napenda hasa vile vya watoto. Mchoraji hakusumbuka na wafalme na malaika; alitazama nje dirishani akachora alichokiona.

Je, vigae hivyo viliwekwa wapi? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote, na jibu lake lafaa kutazamwa kwa makini. Nchi ya Uholanzi ni ya chini, sehemu nyingine ni chini ya bahari, na unyevu hupanda katika kuta kama mafuta katika utambi. Kuta zao zilipakwa chokaa, kama zetu. Na kila ajuaye nyumba ya chokaa ajua mahali inapoharibika kwanza, nayo ni shubiri moja juu ya sakafu, ambapo ufagio hugonga na dekio lenye maji hugusa kila siku. Chokaa ikilowana huchujuka, na sakafu ikioshwa vizuri ndipo ukuta unapochafuka zaidi. Mke mwenye bidii hulipwa kwa madoa. Basi Mholanzi alipanga safu moja ya vigae, au mbili, chini kabisa ya ukuta, pale ambapo mgeni hatazami. Akaweka vingine kuzunguka meko, mahali pa masizi, na vingine jikoni nyuma ya beseni, na katika chumba cha maziwa. Katika picha maarufu iliyochorwa na Johannes Vermeer wa Delft, yapata mwaka 1658, mtumishi wa kike anamimina maziwa. Ukuta nyuma yake ni mtupu, wa chokaa, una matundu ya misumari. Na chini kabisa, pembeni mwa sakafu, iko safu moja tu ya vigae vya buluu. Ndiyo yote. Picha hiyo imo Amsterdam, nayo yatueleza habari ya vigae kuliko kasri nyingi.

Maana zilikuwako kasri pia. Mjini St Petersburg katika Urusi, Mwana-mfalme Menshikov, rafiki wa Tsari Petro Mkuu, alijengewa nyumba ambayo vyumba vyake kadhaa vimefunikwa kwa vigae vya Kiholanzi kutoka sakafuni hadi dari, na dari yenyewe pia. Ni maelfu ya vigae. Nasikia watu husifu vyumba hivyo, lakini kwa maoni yangu fundi aliyebandika vigae darini alisahau kigae ni cha nini, kwani hakuna ufagio ugusao dari. Na ugonjwa huo haukufa pamoja na Menshikov. Yako majumba katika miji yetu, na sasa hata vijijini, ambayo sebule yake yang'aa mpaka mgeni aogopa kukanyaga, na ubaraza wa mbele una marumaru ya kuteleza, lakini nyuma jiko ni la moshi, sakafu yake ni vumbi, na mahali pa kuogea maji husimama. Mholanzi yule mkulima angeanzia nyuma.

Usafi wa Waholanzi ulikuwa mithali katika Ulaya nzima. Sir William Temple, balozi wa Uingereza huko tangu mwaka 1668, ameandika kwamba alipokuwa akila chakula Amsterdam, naye ana mafua, kila alipotema mate sakafuni mtumishi wa kike aliyesimama na kitambaa safi aliinama papo hapo akapangusa. Mezani hapo akasimuliwa kisa cha hakimu mmoja aliyekwenda kumwamkia mama mmoja wa mji ule. Mtumishi aliyemfungulia mlango, mwanamke mwenye nguvu, alitazama viatu vya bwana akaviona si safi sana. Hakusema neno. Alimshika mikono yote miwili, akamtupa mgongoni, akapita naye vyumba viwili, akamweka chini penye ngazi, akamvua viatu na kumvisha ndara. Ndipo akamwambia kwamba sasa aweza kupanda kumwona bibi.

Kwa nini watu hawa walikuwa hivyo? Wengine walidhani ni dini yao, wengine ni unyevu wa nchi. Mwaka 2009 wanahistoria wawili, Bas van Bavel na Oscar Gelderblom, walitoa jibu lingine ambalo wafugaji wataliona kuwa la akili: ni siagi. Tangu karne ya 14 udongo wa Uholanzi ulikuwa ukizama na kujaa maji, nafaka zikakataa kuota, na wakulima wakageukia ng'ombe. Yapata mwaka 1500 karibu nusu ya nyumba za mashambani katika jimbo la Holland, na nyingi za mijini pia, zilikuwa zikifanya siagi na jibini ya kuuza. Siagi haina huruma. Chombo kikiwa na ukoko wa maziwa ya jana, au hewa ya chumba ikiwa chafu, siagi huchacha kabla ya kufika sokoni, na kazi ya juma zima hupotea. Kwa hiyo kusugua hakukuwa madaha, kulikuwa riziki. Na wasichana waliolelewa katika nyumba za maziwa walipokwenda mijini kuwa watumishi, waliichukua desturi ile pamoja nao.

Tusisahau kusema kazi hiyo ilikuwa ya nani. Kitabu kimoja cha karne ya 18 cha kuwafundisha wenye nyumba kiligawa juma zima: mbele ya mlango kusafishwe kila asubuhi, Alhamisi kusugua, Ijumaa jiko na chumba cha chini, na kadhalika. Mgongo ulioinama ulikuwa wa mwanamke. Kigae hakisafishi nyumba. Hurahisisha tu, kwa maana kitambaa kibichi hutosha mahali palipohitaji kupakwa chokaa upya. Huo ni msaada mkubwa, naye aliyeusikia kwanza ni yule aliyekuwa na ndoo mkononi. Upande wa pili, risasi iliyokuwa katika uji wa kioo ni sumu, na wafanya kazi wa karakana waliivuta pamoja na vumbi miaka yote. Hesabu ya mapambo haya haikamiliki bila kuwataja.

Nimesema kigae kilikuwa kitabu pia. Tangu karne ya 17 wachoraji walianza kuchora habari za Biblia, kila kigae kisa kimoja, wakiziiga picha za Biblia zilizochapwa. Vilipendwa sana kuzunguka meko, kwa buluu au kwa rangi ya zambarau. Vingine viliandikwa chini kitabu na sura, ili mtazamaji aende akasome. Yona atemwa na samaki, Daudi na Goliathi, Samsoni na simba, mwana mpotevu na nguruwe zake. Wachoraji wengine waliifuata mifano ya Bwana Yesu neno kwa neno. Hata kipo kigae ambacho mtu ana boriti nzima ya nyumba itokayo jichoni mwake, naye amemwelekea mwenzake mwenye kibanzi. Mtoto aliyeona picha ile hakuhitaji mahubiri marefu.

Mtoto mmoja aliyefundishwa hivyo anajulikana kwa jina. Philip Doddridge alizaliwa London mwaka 1702, wa mwisho katika watoto 20, ambao wengi wao walikufa wangali wadogo. Mama yake alikuwa binti wa mchungaji wa Kilutheri aliyekimbia mateso kutoka Praha. Katika nyumba yao kulikuwa na meko yenye vigae vya buluu vya Kiholanzi, na kabla mtoto hajajua kusoma mama alimketisha penye moto, akamwonyesha kigae baada ya kigae, akamsimulia Agano la Kale na Agano Jipya. Wazazi wote wawili walikufa Philip akingali kijana. Akawa mchungaji na mwalimu huko Northampton, akawafundisha vijana wengi kazi ya uchungaji, akatunga nyimbo ambazo mojawapo huimbwa hata leo kwa Kiswahili katika makanisa yetu. Alipopatwa na kifua kikuu alipelekwa Lisbon ili jua limponye, akafa huko mwaka 1751, katika mji ambao kuta za nyumba na makanisa yake zimejaa vigae vya buluu kuliko miji yote ya Ulaya.

Utawala wa vigae vya Waholanzi ulivunjwa na Waingereza kwa mashine. Tarehe 27 Julai 1756 John Sadler na Guy Green wa Liverpool walipiga chapa vigae zaidi ya 1,200 kwa muda wa saa sita, wakaapa mbele ya sheria kwamba ni kweli. Mwaka 1840 Richard Prosser akapata hati ya njia ya kushindilia unga mkavu wa udongo kwa nguvu ndani ya chuma, na Herbert Minton wa Stoke akaitumia kwa vigae. Baadaye, watu walipojua kwamba magonjwa huletwa na vijidudu, vigae vyeupe vikaingia hospitali, mabucha, na vyumba vya kuogea. Na hivi tunavyovinunua madukani leo ni wajukuu wa unga ule wa Prosser, si wa burashi ya Delft.

Hata hivyo vile vya zamani havijaisha. Vimebaki katika nyumba za wakulima wa Friesland na Holland ya Kaskazini, na katika visiwa vya Ujerumani vya Sylt na Föhr, ambako mabaharia waliofanya kazi ya kuvua nyangumi katika merikebu za Kiholanzi walivileta nyumbani kwa wake zao. Nyumba ikivunjwa, vigae hung'olewa kimoja kimoja na kubandikwa kwingine. Anayetaka kujua kama kigae ni cha kale kweli hutazama unene wake, kwa kuwa vya karne ya 17 ni vinene na vya karne ya 18 ni vyembamba. Kisha huangalia pembe zake, kama kuna vile vitundu vidogo vya misumari ya ubao wa fundi. Na mwisho hukigeuza nyuma, ambako mara nyingi chokaa ya ukuta wa kwanza ingali imeshikamana nacho.